Farumi Mwenye Kitambi

Ukioa Mlingotini umeoa na bahari yake. Mahari utaimaliza, lakini shemeji zako wa kiume hawamaliziki. Mwaka huu wamekuja na jipya: "Shemeji, Idd kuna resi za ngalawa, na wewe umo." Hakuna aliyeuliza kama najua tanga linavyofungwa. Mimi ni karani wa Dar es Salaam. Upepo ninaoujua ni wa feni, na huo nao unategemea luku.

Kijana wangu ndiye aliyenivimbisha kichwa. Huyu anashinda kwenye simu akitazama magari ya Marekani yanayoshindana mawili mawili kwenye barabara iliyonyooka. Wenzetu wana chama chao, NHRA, tangu 1951. Umbali wenyewe ni robo maili, mita 402, na yale yenye kasi kupita yote yakapunguziwa hadi mita 305 mwaka 2008 baada ya dereva Scott Kalitta kufariki. Mbio nzima haifiki sekunde nne. "Na nyinyi si mnakwenda moja kwa moja tu, baba?" Nikawaza: mateso ya sekunde nne nani hayawezi?

Tuliambiwa saa tatu asubuhi. Saa tatu ilipofika, hori lote lilikuwa limekupwa, ngalawa zimelala ubavu kwenye tope, na akina mama wanapita kwa miguu kwenda kwenye mwani. Wamarekani wanasubiri taa ya kijani. Sisi tulikuwa tunamsubiri mwezi. Kila aliyekuwa ufukweni ni bingwa mstaafu, na kila bingwa ana ushauri unaopingana na wa mwenzake. Spika inapiga singeli, mtangazaji anatukana kwa heshima, na mimi naletewa pilau. Nikimaliza sahani, inakuja nyingine. "Kula shemeji, baharini kuna kazi." Nikasema kweli watu wa pwani wanajua kumpenda mkwe wao.

Maji yalipojaa ndipo nilipojulishwa cheo changu. Nahodha ni shemeji mkubwa. Mdogo wake anashika kamba ya tanga. Mpwa wao anakumba maji. Mimi ni farumi, yaani ule uzito wa kukituliza chombo. Kumbe lile pilau lote lilikuwa upakiaji wa shehena.

Asiyeijua ngalawa nimwambie: ni gogo la mwembe lililochongwa, jembamba hata magoti hayana pa kwenda, likashikiwa matengo huku na huku lisipinduke. Upepo wa kusi ukilivimbisha tanga, chombo kinalalia upande mmoja, na lazima mtu mzito atambae nje upande wa joshi kukirudisha. Nikakalishwa juu ya ule mti unaoshika tengo, mti wa mviringo ambao aliyeuchonga hakuwahi kusikia kwamba binadamu ana mifupa ya makalio. Mkononi kamba, chini maji. Kuna Wazungu waliokuwa wakilipa fedha nzuri kuja kuteseka hivi kwenye mashindano yao yaliyoitwa Ngalawa Cup. Kila mtu na namna yake ya kupoteza akiba.

Filimbi ikalia, foromali ikapandishwa, na lile tanga lenye viraka vya viroba likajaa upepo. Kuanzia hapo sikuitwa tena shemeji. "Toka nje!" Natoka. "Ingia ndani!" Naingia. "Nje, nje, nje!" Naomba radhi kwa majirani wote ambao mbuzi zao nimewahi kuwafokea hivyo. Kila wimbi lilinipitia kifuani kwanza kabla ya kwenda kwa wengine. Halafu upande wa pili kuna mashamba ya mwani, vigingi na kamba zimenyooka vizuri kabisa, na wenye mashamba wamesimama maji kiunoni wakitangaza watakachotufanya tukiigusa hata kamba moja. Marekani ukivuka mstari wako unatolewa mashindanoni. Mlingotini unatajwa wewe, mama yako na ukoo wenu wote.

Lakini kasi tulikuwa nayo, hilo nalikubali. Tulizipita mbili, na mtangazaji akasikika akilisifia tumbo langu mpaka kwenye minazi.

Ndipo tukaingia kwenye kivuli cha mikoko, na upepo ukakatika. Tanga likalegea. Wale tuliowapita wakaanza kuturudia, vyombo vyao vyepesi, vijana wao wamekonda kwa umri na kwa njaa. Ndani ya ngalawa yetu kukawa kimya. Kwa desturi farumi ya mchanga, upepo ukifa, humwagwa. Nikaona wanatazamana. Shemeji mkubwa akakohoa, akaniuliza kwa upole ambao hakuwa nao tangu asubuhi:

"Hivi shemeji, kuogelea unajua?"

Nikamwambia dada yake ananisubiri ufukweni na amenihesabu.

Tukamaliza wa pili kutoka nyuma. Washindi walipewa jezi na mchele, na sisi tukapewa maneno. Usiku ule pale nyumbani kikao kiliamua kwamba kosa lilikuwa la mikoko.

Sasa daktari ameniambia nipunguze kilo, na tangu habari hiyo ifike Mlingotini simu haitulii. Shemeji mmoja anauliza kama nimekula, mwingine anatuma samaki kwa basi, mama mkwe ameleta mafuta ya nazi galoni nzima. Mke wangu anasema nina bahati ya kupendwa ukweni. Idd ijayo nitampisha akae yeye kwenye ule mti.