Barua ya wazi kwa dirisha namba tatu

Ndugu Ofisa,

Salamu kutoka kwenye benchi la nje, ambalo sasa tunajuana nalo vizuri kuliko majirani. Uliniagiza nilete cheti cha kuzaliwa cha babu, ili ujiridhishe kwamba mimi si mtu wa ng'ambo ya mpaka. Sikukubishia, aliyeshika makali habishani na aliyeshika mpini. Nikapanda basi hadi Bukoba kumtafuta marehemu.

Nilianzia parokiani. Mapadri Weupe walifika Kashozi mwaka 1892, na kila waliyemmwagia maji walimwandika. Kitabu cha ubatizo ni kizito kama tofali, kwa Kilatini, na mchwa walishatangulia kukisoma. Katekista mzee alifunua kurasa kwa kidole chenye mate hadi saa tisa alasiri, akasimama: Petrus, umri "kama miaka 12", kijiji, jina la msimamizi. Jina la kwao limeandikwa kwa R. Pembeni, alipofunga ndoa, limegeuka L. Penye wazazi pana neno moja tu: pagani. Baba na mama, wote wawili, wameenea humo.

Nilitaka kununa, nikakumbuka kwamba mapadri hao walidai miaka minne ya mafundisho kabla ya kubatiza mtu. Nyinyi mmenizungusha miezi saba. Si haba.

Nikageukia sensa. Mwaka 1957, Ndugu Ofisa, Wazungu na Waasia wa Tanganyika walihesabiwa Februari, sisi Waafrika tukangojeshwa hadi Agosti. Babu yumo, sina shaka: yumo ndani ya jumla ya Wahaya, kama buni moja ndani ya gunia. Vitabu vilivyochapishwa vinajua kabila na wilaya, Petrus havimjui. Mwingereza wa leo anafungua sensa yao ya 1921, iliyowekwa wazi mwaka 2022, na kumkuta bibi yake kwa jina, umri na kazi aliyoifanya.

Nisiwasingizie wakoloni, lakini. Jina la babu walilijua vizuri sana siku ya kodi. Wajerumani walianza na kodi ya nyumba mwaka 1898, Waingereza wakapokea kijiti. Stakabadhi yake ya kodi ya kichwa tuliikuta ndani ya kibuyu cha mbegu, imekunjwa mara nne, mhuri bado unasomeka. Nilikuletea. Uliigeuza nyuma na mbele, ukasema haithibitishi kwamba alizaliwa. Kweli kabisa. Inathibitisha tu kwamba alilipa.

Kuhusu mpaka, shauri hilo lilimalizwa Berlin na London mwaka 1890, kwa mstari wa nyuzi moja kusini mwa ikweta. Waliokuwa wakipalilia migomba siku hiyo walirudi nyumbani jioni wakiwa mali ya Kaisari, na hakuna aliyewapa cheti.

Naomba basi mojawapo: mpokee cheti cha ubatizo, au mniandikie barua ya utambulisho kwa hao wapagani wawili, niwafuate mwenyewe walipo nikawaulize mtoto wao alizaliwa lini.

Nimeambatanisha nakala tatu zenye mhuri wa wakili. Mhuri nimeulipia, stakabadhi nimeiweka kwenye kibuyu.

Wako mtiifu, upande wa benchi wenye kivuli,
Mjukuu wa Petrus, kwa R na kwa L