Barua ya Wazi kwa Ikulu ya Marekani: Hongera kwa Kuzaa Watu Wazima

Waheshimiwa,

Salamu kutoka Dar es Salaam. Pokeeni pongezi zetu, ingawa zimechelewa. Katikati ya mwaka 2025 mlitangaza kwamba tangu Januari wazawa wenye ajira Marekani wameongezeka kwa zaidi ya milioni 2, huku wafanyakazi waliozaliwa nje wakipungua kwa zaidi ya milioni 1. Mgeni katoka, mzawa kaingia. Raha iliyoje!

Lakini wapo wakorofi wanaopenda kuhesabu. Wanasema takwimu zinazokusanywa kwa waajiri wenyewe hazikuona hata kazi mpya milioni 1 katika miezi hiyo, wazawa na wageni wote pamoja. Wanasema pia kwamba hesabu ya wazawa ni ya watu wa miaka 16 na kuendelea, hivyo anayeingia humo mwaka 2025 alizaliwa 2009. Mwaka huo Ikuluni kwenu alikuwamo Barack Obama. Sijui kama mngependa agawiwe pongezi zake.

Siri yenu tumeshaijua, ila hatutamwambia mtu. Ili kupata hesabu hizo za wazawa na wageni, kila mwezi makarani wenu huhoji kaya zipatazo 60,000. Kaya hizo hazisemi nchi ina watu wangapi; jumla hiyo hutoka kwenye makadirio ya Idara ya Sensa, yanayorekebishwa kila Januari. Sasa mtu wa Mexico anayeishi Los Angeles, ambako mwaka 2025 maofisa wa uhamiaji waliofunika nyuso walizoa vibarua kwenye maegesho ya maduka ya Home Depot, anasikia hodi. Nani atafungua? Na akifungua akaulizwa alizaliwa wapi, mwenye akili zake atajibu Texas. Asipofungua, jumla ya watu haipungui ng'o: pengo lake hujazwa kwa kumwongezea uzito mtu wa kundi lake aliyejibu, na huyo mara nyingi ni mzawa. Kwa hiyo jamaa aliyejibanza chini ya kitanda ameipatia Marekani mzawa mwenye kazi. Mvisheni nishani kabla hamjampandisha ndege.

Kuna jambo moja tu linanitatiza. Tarehe 1 Agosti 2025 Rais wenu alimfukuza Erika McEntarfer, mkuu wa ofisi ya takwimu za kazi, kwa madai ya kuchakachua takwimu, baada ya ofisi hiyo kusahihisha ajira za Mei na Juni na kuzipunguza kwa 258,000. Hesabu za wazawa mlizozishangilia zilitoka ofisi hiyohiyo, siku hiyohiyo. Yaani mama wa watu alichakachua ukurasa mmoja, kwenye ukurasa wa pili akatubu?

Basi tunaleta ombi. Nasi Julai 2025 tuliwapiga wageni marufuku katika biashara 15, kuanzia kutengeneza simu na uwakala wa pesa hadi kununua mazao shambani, kisha tukakaa kusubiri vijana wetu wapate riziki. Ushamba wetu! Tungemtuma karani agonge milango ya wageni kwa nguvu kidogo, ajira zingefurika kabla ya mwisho wa mwezi.

Tutumieni maelekezo kwa barua. Tungekuja kujifunza wenyewe, ila ofisa wa viza akituuliza tulizaliwa wapi, Texas tutaitamkaje?

Wenu mtiifu,
Mzawa wa Temeke