Kwa Wazee wa Nzengo Yetu

Didia, Shinyanga

Wazee wangu,

Nawaandikia kwa adabu ya mtoto mliyemwona akikua, na kwa uchungu ambao adabu imeshindwa kuuzima.

Alipofariki baba, nzengo, majirani wote, ilijaa nyumbani kabla jua halijapanda. Unga ulipimwa, kuni zikaletwa, vijana wakachimba kaburi. Asiyefika alitozwa faini, nami niliona ni haki. Lakini mama anaumwa mwaka wa sita sasa, na mmefika wote siku moja tu: aliyopotea, mkamkuta njia ya Tinde akitafuta ng'ombe ambao baba aliwauza kabla sijaolewa. Mlimrudisha, nawashukuru. Hamjarudi.

Usiku nafunga pindo la kitenge chake kwenye langu, akiinuka niamke. Huinuka mara tatu, mara nne, akiuliza kama ndama wamefungwa. Siku hizi ananiita "mayu", mimi niliyemwita yeye hivyo maisha yangu yote. Naitikia. Akilala, naenda nyuma ya jiko kulia kimyakimya, maana akinisikia naye hulia, bila kujua tunalia nini.

Ugonjwa huu unaitwa demensia. Ubongo huharibika kidogo kidogo. Watafiti waliowapima wazee vijijini wilayani Hai, Kilimanjaro, waliukuta kwa takriban 6 katika kila 100 wenye miaka 70 na zaidi. Nayasema haya kwa sababu kisimani kuna anayenong'ona kwamba mama hutembea usiku kwa kazi zake, yaani ni mchawi. Shinyanga hii neno hilo si umbea. Vikongwe wamekatwa mapanga mkoani kwetu kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyounguzwa na moshi wa kuni na wa kinyesi cha ng'ombe walipokuwa wakiwapikia watu. Sungusungu wetu humfuata mwizi wa ng'ombe hata usiku wa manane. Mwenye ulimi huo hawajamwita hata mchana.

Kaka zangu wako machimboni Geita. Wanatuma pesa kwa simu, na inanunua sabuni; haiwezi kukaa na mama jioni. Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 iliitegemea familia katika matunzo ya wazee. Hapa kwetu familia hiyo ni mimi. Mwaka huu hata dengu sijapanda.

Siombi mchango. Naomba zamu, kama tunavyopangana msibani: kila kaya alasiri moja, mtu akae naye, mimi nilale au niende gulioni. Si vigumu kukaa naye. Mkimwekea ungo wa karanga atabangua hadi jua litue, wala hataulizia ng'ombe.

Mkikutana tena chini ya mwembe nitakuja naye. Naomba mumsalimie yeye kwanza, ndipo mnijibu mimi.

Binti yenu.