Shemeji Koki, Bibi Mtungi na Prosesa ya Injinia

Wewe mwenye kijana wa chuo ndani ya nyumba, pamoja na mama mkwe aliyekuja kusalimia tangu Shaabani na bado yupo, vuta kiti tuongee. Tuko wengi.

Kwangu Tabata, joto la Februari huingia sebuleni kabla ya chai. Kijana wetu Sudi, ambaye wote tunamwita Injinia ingawa hajahitimu, anachora picha za nyumba ambazo hazijajengwa. Anazichora kwa kompyuta, na unaona mpaka kivuli cha mnazi ukutani. Kazi nzuri, na wateja anao. Kompyuta kaiunganisha mwenyewe kwa vipande vya mtumba kutoka Kariakoo, na prosesa yake ni Core i7-8700K ya Intel, ya mwaka 2017, yenye viini sita. Kiwandani ilipangiwa kufika gigahezi 4.7, tena kwa kiini kimoja tu. Injinia anataka vyote sita vikimbie kwa 5. Ile herufi K mwishoni mwa jina ndiyo inayomruhusu.

Tatizo ni joto. Ukiiongezea prosesa kasi, inadai volti zaidi, na joto hupanda kwa kipeo cha pili cha volti. Pandisha volti kwa asilimia 10, kwa hilo peke yake joto limepanda asilimia 21. Ikigusa nyuzi 100 inajipunguzia kasi isije ikaungua. Basi kijana anaisukuma, yenyewe inarudi nyuma, na umeme unaliwa vilevile. Hapo sasa umemgusa mke wangu, Waziri wa Nishati. Mita ya Luku ni yake. Uniti zikishuka anajua nani kaacha nini kinawaka, hata akiwa msibani Mbeya.

Feni ndogo aliyoifunga mwanzoni ilipoanza kulia mpaka jirani akauliza kama tumefungua mashine ya kusaga, kikao kikaitishwa. Ajenda: tununue feni kubwa au mfumo wa maji?

Shemeji Koki, kaka wa mke wangu, ni fundi bomba. Aliposikia kuna pampu, mipira na rejeta, akainuka kwenda kuchukua spana. Kiredio, binti yetu wa mwisho, ambaye hutangaza habari zetu mtaa mzima, akapigia kura maji kwa sababu yanakuja na taa za rangi. Nilisema feni, na nakuhakikishia hakuna aliyeandika kura yangu. Kisha akazungumza mama mkwe, Bibi Mtungi, aliyetoka Pangani na mtungi wake mapajani ndani ya basi.

"Baba Sudi, huu mtungi unapoza maji bila umeme. Nyinyi na madude yenu mnashindwaje?"

Mkwe habishiwi, na swali lake lilikuwa ndilo swali lenyewe. Mtungi hupoza kwa kuwa maji hupenya kwenye udongo, yakakauka kwa nje na kuondoka na joto. Ndiyo maana maji yake huwa baridi kuliko hewa ya chumbani, na Dodoma kwenye hewa kavu hupoza zaidi kuliko hapa Dar. Maji ya kompyuta yamefungwa, hayakauki. Kazi yake ni kulibeba joto kutoka kwenye prosesa hadi kwenye rejeta, na hapo feni inalipuliza nje. Chumba kikiwa na nyuzi 33, maji hayo hayashuki chini ya 33. Hitisinki ya feni, yaani yale mapezi ya alumini yanayopulizwa, nayo haishuki. Na kwa njia yoyote ile, joto lote linamwagika chumbani, shingoni mwetu.

Maji nayaheshimu. Kwa ujazo uleule, hubeba joto zaidi ya mara 3,000 kuliko hewa. Ingekuwa Core i9-14900K, inayoweza kula wati 253, ningesimama na Shemeji. Yetu haifiki huko. Halafu fikiria kuharibika. Feni ikifa unachomoa, unachomeka nyingine, na mapezi ya alumini yanaendelea kutoa joto kidogo. Pampu ikifa, maji yamesimama. Apple waliuza Power Mac G5 ya kupozwa kwa maji mwaka 2004, na baadhi zilivuja zikaua mashine. Nilipomweleza Shemeji, akasikitika kweli: "Hawakufunga thredi tepu."

Injinia ndiye aliyetutoa hapo. Akatuonyesha picha ya NH-D15 ya Noctua, kampuni ya Austria: feni mbili, mabomba sita ya shaba, kilo moja na gramu 320. Akaeleza kwamba ndani ya kila bomba kuna maji kidogo. Yakipata joto la prosesa yanakuwa mvuke, yanakimbilia kwenye mapezi, yanapoa, yanarudi.

"Si nilisema maji?" Bibi Mtungi akapiga kofi. Shemeji Koki akampa mkono. Tukanunua feni, na ushindi ukaandikwa kwao.

Waziri wa Nishati akafunga kikao kwa amri moja. Chumba chenye kiyoyozi ni chetu tu, basi kompyuta ihamie humo, ichore usiku kiyoyozi kikiwa kimeshawashwa. Hesabu yake haina dosari: chumba kikishuka nyuzi 8, prosesa nayo hushuka karibu nyuzi hizohizo. Sasa viini sita vinakimbia kwa 5 bila kugusa 100. Injinia huingia saa saba usiku kutazama picha yake, Bibi humfuata kuuliza kama imepoa, na mimi nimelala upande wa feni.

Kwa hiyo, ndugu yangu wa pwani, kwa prosesa ya aina hii nunua feni. Chukua rula kwanza, maana NH-D15 husimama milimita 165 juu ya prosesa na kesi nyingi hazifungiki. Vumbi lipulizwe mara kwa mara, dirisha likiwa wazi na Kiredio akiwa shule.