Kitabu cha Mwezi

Mwenye nia ya kuunda jamii ya wasomaji katika kisiwa hiki cha Mvita, wakutanao maktabani kila mwisho wa mwezi kujadili kitabu kimoja, twamnasihi ateue kitabu kinene, kilichosifiwa London, ambacho nakala yake ni moja tu, nayo imeazimwa tangu Rajabu na mwenyekiti mwenyewe. Ajihadhari na *Sauti ya Dhiki* ya Abdilatif Abdalla, diwani iliyotungwa gerezani na kuchapishwa mwaka 1973, kwani ina aibu moja kubwa, nayo ni kuwa mzee auzaye kahawa Kibokoni aweza kuijadili pasi na kuifungua, tena akamsahihisha aliyeifungua. Ama mshairi Muyaka bin Haji, huyo ni wa kuepukwa kabisa: tungo zake zilitembea vinywani mwa watu wa mji huu hata takriban karne baada ya mauti yake, ndipo mhariri Hichens alipozichapisha kitabuni huko Johannesburg mwaka 1940, na si adabu kumteulia msomaji kitu ambacho bibi yake amekihifadhi kwa moyo.

Siku ya mkutano, kahawa tungu na kashata zitangulie. Waliosoma, ambao aghalabu ni wawili, waketishwe nyuma wasije wakaharibu mazungumzo; na mtu akishasema, kwa sauti nzito, kuwa mwandishi “ameigusa hali ya binadamu”, basi haki ya kitabu imetimizwa, na majlisi iko huru kuulizana ni nani aozaye Kuze Ijumaa hii, na pilau yapikwa na nani.