Amri Tupu

Watu waliobaki nyumbani wana ushauri mmoja kwa kila anayejifunza lugha: kaishi na wenyewe, utaishika tu. Wanautoa wakiwa barazani Tanga, kikombe cha kahawa mkononi, hawajavuka hata mpaka wa Horohoro. Mimi naishi na wenyewe. Niko Istanbul, upande wa Asia, mtaa wa Kadıköy, na taarifa yangu ni hii: wenyewe hawana nafasi.

Muuza mikate akisikia matamshi yangu hunijibu Kiingereza. Kiingereza chenyewe kinachechemea kuliko Kituruki changu, lakini atang'ang'ana nacho mpaka chenji irudi. Muuza dawa akishaiona rangi yangu hunijaribu kwa Kifaransa. Imamu hunisemesha Kiarabu. Vijana kwenye kivuko wana subira kidogo, ila sentensi ikifika katikati wananimalizia, kwa kuwa kitenzi cha Kituruki hukaa mwisho, na kwa mwendo wangu mwisho huo uko ng'ambo, Eminönü.

Nikakimbilia darasa la jioni. Huko mwalimu aliandika ubaoni "gelemeyeceğim", yaani sitaweza kuja. Sikushtuka. Sisi nasi hurundika, ila twarundika mbele na wao wanarundika nyuma. Nililikariri neno mpaka likanyooka. Kilichonishinda ni kupata wa kumwambia. Anayetaka kukataa mwaliko sharti aalikwe kwanza.

Hapo ndipo jirani yangu wa chini alipoingilia kati. Ni bibi mjane, mwalimu mstaafu wa hisabati. Mtaa mzima unamwita Teyze, yaani mama mdogo, nami namwita hivyo hivyo, maana huku pia mwanamke wa umri wa mama haitwi kwa jina kavu. Teyze ana mbwa wawili. Fındık ni mdogo, mweupe, mwenye nywele machoni na kinyongo moyoni. Paşa ni jibwa la rangi ya mchanga lenye kibandiko cha plastiki sikioni. Kibandiko hicho ni cha manispaa: kinaonyesha kwamba mbwa wa mtaani amechanjwa na kuhasiwa. Paşa alikuwa akilala mlangoni pa duka la simu, mpaka mwaka 2024 ilipopitishwa sheria ya kuzitaka manispaa ziwakusanye mbwa wa mitaani na kuwapeleka kwenye makazi ya mbwa. Teyze akafungua mlango, Paşa akaingia, akachagua kochi.

Msishangae. Mji huu una adabu na mbwa kuliko na wageni. Mwaka 2021 alivuma mbwa wa mtaani aitwaye Boji, aliyekuwa akipanda vivuko, tramu na treni za chini ya ardhi peke yake, hadi manispaa ikamfunga kifaa cha kufuatilia safari zake. Watu walipiga naye picha, magazeti yakamwandika. Hakuna hata mmoja aliyemjibu Kiingereza.

Basi Teyze akanipa kamba mbili na hoja isiyojibika: mbwa hawa hawajui lugha nyingine, kawatembeze asubuhi na jioni, utajifunza. Hoja ilinigusa, kwa kuwa natoka kwenye nchi ambako mbwa ndio wenye Kiingereza. Mlinzi wa Oysterbay, Dar es Salaam, atapiga soga kwa Kiswahili usiku kucha, lakini akimgeukia mbwa ni "siti dauni" na "kamu hia". Huku angalau mbwa husemeshwa lugha ya nyumbani.

Na kweli, kwa mbwa Kituruki kinateremka. Njoo ni "gel". Kaa ni "otur". Lala "yat", simama "dur", ngoja "bekle", achia "bırak". Mzizi mtupu wa kitenzi, bila kiambishi cha kunitega. Nilijiona nimefika.

Shida ni kwamba wako wawili. Ukiamrisha wawili kwa pamoja, "otur" inakuwa "oturun", na "oturun" ndiyo ileile anayoambiwa mzee wa heshima au karani mwenye muhuri wake. Kwa hiyo kila asubuhi, kwenye bustani ya ufukweni Moda, nawakaribisha mbwa kwa heshima zote, tafadhalini ketini, huku mkono mwingine umeshika mfuko wa kuzolea choo chao. Teyze akasema hapana, mwamrishe kila mmoja kwa jina lake. Nikamkalisha Paşa. Nikamkalisha Fındık, Paşa akainuka. Nikamrudia Paşa, Fındık akamfuata njiwa. Teyze ni mwalimu wa hisabati, angenipigia hesabu hiyo mapema.

Tena kama walimu hawafai. Siku moja nilikuwa najihesabia kimoyomoyo, nikapaza sauti kwenye "otuz", yaani thelathini. Paşa akakaa. Nikashuku jambo. Nikamwambia "otobüs". Akakaa. Nikafumba mdomo kabisa, nikainua mkono wenye kipande cha jibini. Akakaa, akanyoosha shingo, na udenda ukaanza kushuka. Waliozoea kufunza mbwa wanajua kwamba mbwa husoma mkono kabla ya kusikiliza mdomo. Nimetoka kwenye darasa ambako kila irabu yangu ilikuwa kosa, nimeingia kwenye darasa ambako hata basi ni jibu sahihi.

Udenda huo nao una gharama zake. Mama yangu, ambaye kila jioni hutazama tamthilia za Kituruki zilizotiwa sauti za Kiswahili na kuamini kwamba Waturuki wote ni watu wa makasri na vilemba, alimwona Paşa nyuma yangu kwenye simu ya video.

"Mwanangu, hilo ni mbwa?"

"Ndiyo, mama. Ni masomo."

"Masomo gani yenye mate? Mara saba, na moja kwa udongo. Usinirudie hapa na najisi."

Sisi wa pwani ni Mashafii, mbwa kwetu si wa kukumbatia. Teyze ni Mhanafi, anashikilia kwamba neno liko kwenye mate tu, mwili hauna tatizo. Mimi sijasoma kiasi cha kuwapatanisha, nanawa mara saba. Lakini udongo ghorofa ya nne utaupata wapi? Teyze ana vyungu vya maua kwenye ngazi. Siku hizi analalamika kwamba maua yake yanazama, hajui kwa nini, nami sina Kituruki cha kumweleza.

Hicho ndicho kiini cha lawama yangu. Mbwa wananifundisha amri, na duniani hakuna amri za kutosha. Juzi mzee mmoja alikuwa anainuka kwenye benchi, mkongojo umeshakaa sawa, nami nikampigia Paşa kelele: "Otur!" Mzee akakaa. Alikaa palepale, ameshtuka, mkongojo umempita mapajani. Kumwomba radhi kulihitaji niseme kwamba sikuwa nimemwambia yeye, nilikuwa nimemwambia mbwa. Hiyo ni kukanusha pamoja na wakati uliopita, na mbwa hawana habari na wakati uliopita. Nilichokuwa nacho tayari ulimini ni "gel" na "bırak". Nikachagua kunyamaza. Paşa, kwa upande wake, alikuwa bado amesimama.

Tukirudi nyumbani Teyze hutupokea sote mlangoni. Huku mtu mzima humwita kijana "oğlum", mwanangu, na mbwa dume naye ni "oğlum" vilevile. Teyze akisema "Gel oğlum" kutoka jikoni, tunainuka wawili, na Paşa hufika kwanza. Halafu hutoa "aferin", hongera ya watoto, kwa sauti ileile kwa wote watatu: aferin kwa Fındık, kipande cha nyama kavu; aferin kwa Paşa, kipande cha nyama kavu; aferin kwangu, kipande cha börek na gilasi ya chai. Malipo yangu ndiyo hayo. Nimeulizia kijuujuu mtaani: wanaotembeza mbwa wa watu hulipwa fedha, na wala hawajifunzi chochote.

Wiki hii nilijikaza, nikamwambia Teyze kwamba masomo haya yamenifikisha mwisho, nimeshakuwa sajenti, sasa nataka mazungumzo. Alinisikiliza mpaka kitenzi cha mwisho, jambo ambalo hajawahi kulifanya mtu yeyote katika mji huu. Akafikiri. Akasema dada yake anayeishi Üsküdar ana kasuku anayesema sentensi nzima, ila kizimba chake kinataka kusafishwa kila siku, na dada mgongo unamsumbua.

Naanza Jumatatu.