Mheshimiwa, Nimebakiza Miti 313

Kwa Waziri wa Mazingira, Mabadiliko ya Tabianchi na Misitu,
Nairobi.

KUH: HESABU YA MITI YA MPANGAJI

Mheshimiwa Waziri,

Pokea salamu kutoka Kayole, ghorofa ya tatu, chumba kinachotazama ukuta wa jirani. Serikali iliniagiza nipande miti, nami ni raia mtiifu, kwa hiyo nimekuja kutoa hesabu.

Lengo ni miti bilioni 15 ifikapo 2032. Nilichukua karatasi nikaigawa kwa watu milioni 47.6 wa sensa ya 2019, wanyonyao wakiwemo, nikapata miti 315 kwa kila kichwa. Sisi nyumbani tuko watano. Deni letu basi ni miti 1,575, na shamba letu ni madebe mawili ya rangi yaliyo kwenye roshani, ambayo mwenye nyumba ametuonya yasimdondokee mpangaji wa chini.

Tarehe 13 Novemba 2023 mlitupa sikukuu, kila mtu apande angalau miche miwili, taifa lifikishe milioni 100 kwa siku moja. Nilipanda yangu kando ya barabara ya mtaa, mvua ikininyeshea kama mshiriki mwaminifu. Mmoja uliliwa na mbuzi wiki ileile. Wa pili uling'olewa na watu waliokuja kuchimba mtaro. Sikuipunguza katika hesabu. Tangu lini mti uliopandwa ukahitaji kuwa hai? Nimebakiza 313.

Sipingi ndoto kubwa. Nchi hii hupata karibu asilimia 90 ya umeme wake kutoka kwa mvuke wa Olkaria, mito, upepo na jua, jambo ambalo mataifa tajiri mengi yanalitamani. Linalonishangaza ni mgawanyo wenu wa kazi: raia mmempa ndoto, wakubwa mmewapa "hali halisi".

Julai 2023, miezi michache tu baada ya kampeni ya miti kuzinduliwa, Rais aliondoa marufuku ya kukata miti iliyokuwapo tangu 2018. Alisema miti iliyokomaa inaoza msituni na watu hawana kazi. Hapa kejeli inipishe kidogo, maana neno hilo lina uzito. Miti iliyolengwa ni ya mashamba ya serikali, ilipandwa ili ikatwe. Molo na Elburgon ni miji ya mbao, na miaka mitano bila msumeno kulia ni miaka mitano ya karo ya kuokoteza. Serikali iliwatazama wananchi wake ikalegeza kamba. Vyema. Swali langu ni moja: mbona huruma hiyo haipandi ngazi ikafika ghorofa ya tatu?

Tuliambiwa tuache makaa, tukanunua mtungi wa gesi. VAT ya gesi ilikuwa imeondolewa 2016. Julai 2021 ikarudi, asilimia 16 nzima. Mwaka uliofuata ikashuka hadi 8, na 2023 ikaondoka tena. Mama muuza makaa wa hapa chini hakuhangaika hata siku moja. "Mtarudi," alikuwa akituambia, na 2021 tukarudi kweli, kila mmoja na mkebe wake. Huyo mama hana mkakati wa kitaifa wala washauri, lakini anawajua wenzenu wa Wizara ya Fedha kuliko mnavyowajua ninyi.

Kisha ukaja Mswada wa Fedha wa 2024 na ushuru wake wa mazingira. Katika orodha ya kwanza ya vitu vya kutozwa, nepi za watoto zilikuwamo. Yaani miongoni mwa wachafuzi wote wa nchi hii, aliyekamatwa kwanza ni yule asiyeweza kukimbia.

Na usafiri je? Mstari mwekundu wa mabasi ya mwendo kasi (BRT) uliopakwa kwenye Barabara Kuu ya Thika ulifika, mabasi hayakufika. Tunaelewa. Nani atakwenda kuzungumza na wenye matatu? Hapo hali halisi imekaa kiti cha mbele, kando ya dereva, na haiulizwi nauli.

Lakini msiniambie haiwezekani. Mwaka 2020, Nairobi Expressway ikijengwa, palikuwa na mti wa mugumo kando ya Waiyaki Way uliopangiwa kung'olewa. Watu walipiga kelele, amri ya Rais wa wakati huo ikatoka, na barabara ikakubali kuishi na mti. Zile hoja zote za wahandisi, gharama na ratiba ziliinama mbele ya saini moja. Miti ya Uhuru Highway, iliyokatwa kwa ajili ya barabara hiyohiyo, haikupata saini.

Sasa ombi langu, Mheshimiwa. Sikukuu za kupanda tumekwisha kupewa, ile ya Novemba na nyingine 10 Mei 2024, tulipowaomboleza pia waliochukuliwa na mafuriko. Tupeni moja ya kuhesabu. Asubuhi hiyo kila mtu, mawaziri, wabunge na magavana wakiwemo, arudi mahali alipopigiwa picha na mche wake, asimame palepale, apigwe picha ya pili. Mimi nitakuwa kando ya mtaro, bila kitu mkononi. Nitafurahi nikijua kwamba wewe una kitu cha kuegemea.

Wako mtiifu,
Mpangaji, madebe mawili.